Mwanangu ni kipa, na sasa hataki kupanda tuktuk yangu

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni baba wa watoto wanne, mkazi wa Malindi, na kazi yangu ni kuendesha tuktuk. Nakuandikia kuhusu binti yangu wa pili. Ana miaka 15 na ni kipa wa timu ya wasichana ya shule yao. Alianza kudaka akiwa darasa la tano, akicheza na kaka yake na watoto wa jirani ufuoni, na mpaka mwaka jana ungemtazama ungesema huyu amezaliwa na mpira mkononi. Krosi, ule mpira wa juu wa kutoka pembeni, ikipigwa alikuwa anaitokea kama mwewe aliyeona kifaranga.

Muhula huu wa pili, kwenye michezo ya shule, walifika fainali ya kaunti ndogo. Dakika zikiwa zimebaki chache ilipigwa shuti ya kawaida, wala haikuwa kali. Aliudaka mpira, ukamponyoka, ukapita katikati ya miguu ukaingia. Wakafungwa moja bila. Mimi huwa nasimama nyuma ya goli lake kila mechi ili nimwelekeze, na siku ile nilikuwa pale pale. Sitakuficha, nilipiga kelele. Nilisema, "Huo hata mtoto wa nasari angedaka!" Watu waliokuwa karibu wakacheka.

Tukarudi nyumbani kwa tuktuk, mimi mbele, yeye nyuma peke yake. Njia nzima nilizungumza mimi. Nilimweleza alivyosimama vibaya, alivyoweka mikono vibaya, na mwisho nikamwambia akumbuke kuwa karo yake iko ndani ya zile glovu. Maana, Mwalimu, ziko shule zinazopenda mpira ambazo huwachukua wasichana wanaocheza vizuri zikawapunguzia karo au zikawalipia yote. Nina watoto wanne, na hiyo tuktuk naiita yangu tu, ina mwenyewe. Kila jioni lazima nimpelekee tajiri hesabu yake ndipo nijue cha kwangu ni kipi.

Tangu jioni ile mtoto amebadilika. Siku ya mechi tumbo linamuuma toka asubuhi. Usiku wake halali. Uwanjani ameganda kwenye mstari, krosi inakuja anaiangalia tu. Kocha amemweka benchi mechi mbili. Mimi nimemzidishia mazoezi, namwamsha saa kumi na nusu alfajiri tukakimbie ufuoni kabla hajaenda shule, lakini naona ndiyo hali inazidi kuharibika.

Jumamosi iliyopita walikuwa na mechi ya kirafiki pale uwanja wa Alaskan. Baada ya mechi nilimsubiri nje ya uwanja. Alikuja akaniambia kwa adabu kabisa, "Baba nenda tu, mimi nitatembea na wenzangu." Nikawafuata polepole na tuktuk, na hakugeuka hata mara moja. Glovu zake ziko chini ya kiti cha abiria wiki mbili sasa, na hajaziulizia.

Mke wangu anasema nimemvunja mtoto. Mamangu anasema mtoto wa kike aache mambo ya mipira akae nyumbani. Mimi nililelewa kwa "mchelea mwana kulia hulia yeye", sasa sijui nikaze au nilegeze. Jumamosi ijayo kuna mechi nyingine. Akisema tena kwamba atatembea, nifanyeje?

Baba Kipa, Malindi

*

Marahaba, Baba Kipa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama mahali pamoja. Kelele za nyuma ya goli nitazifikia. Nimekwama pale ulipomwambia karo yake iko ndani ya glovu.

Mpira wa mechi una uzito wa gramu 410 hadi 450. Huo binti yako anaumudu, ameudaka tangu darasa la tano. Lakini tangu jioni ile kila mpira unaomjia umebeba karo yake, na maisha ya ndugu zake, na hesabu ya tajiri, na yale mawazo yako ya usiku. Mtoto wa miaka 15 hana mikono ya kudaka vyote hivyo. Ndiyo maana hatoki tena kufuata krosi. Kipa anayetoka huenda akakosa mpira mbele ya uwanja mzima. Anayebaki kwenye mstari, akifungwa, nusu ya lawama humwendea beki. Binti yako hajawa mvivu wala hajawa mwoga. Amepiga hesabu ya kosa moja kwa bei uliyomtajia wewe, akaona hawezi kuilipa.

Wewe ni dereva, kwa hiyo haya mengine utayaelewa haraka. Klachi na gia za tuktuk ziko mkono wa kushoto, mafuta mkono wa kulia, breki mguuni, na unapoingia sokoni kati ya mikokoteni na boda huviwazi hata kimoja. Mkono unajua wenyewe. Sasa apande abiria aketi nyuma yako aanze: shika klachi, punguza gia, angalia kulia, mbona umechelewa! Kisha akwambie kwamba ukigonga leo watoto wako watalala njaa. Utaizima tuktuk katikati ya barabara, wewe na uzoefu wako wote. Kazi iliyokwisha kuingia mwilini huharibika mtu akilazimishwa kuitazama kipande kwa kipande, na hofu ya kukosea ndiyo humlazimisha. Wanasaikolojia wa michezo wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi na wamelikuta kwa wacheza gofu, kwa wapiga penalti, na kwa michezo mingine mingi. Na huyo abiria wa nyuma, Baba Kipa, ndiye wewe unaposimama nyuma ya goli "kumwelekeza".

Wala usidhani ni udhaifu wa watoto. Simone Biles wa Marekani, mwanasarakasi aliyeshinda karibu kila kitu cha kushinda, alijitoa katikati ya fainali ya timu kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 kwa sababu akiwa hewani akili na mwili vilikuwa vimeachana mkono, hajui juu ni wapi na chini ni wapi. Wapo waliomwita mwoga. Alipumzika, akasaidiwa na wataalamu, na Paris mwaka 2024 akaondoka na dhahabu tatu na fedha moja. Nakutajia huyu kwa sababu ya zile mbio zako za saa kumi na nusu. Mwanamichezo ambaye akili yake imechoka haponi kwa kuongezewa mbio. Vijana wa umri wa binti yako wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kila usiku, na wewe umeniambia mwenyewe kwamba halali. Unamtoa kitandani wakati ambao pengine ndio kwanza usingizi umemchukua. Acha kuanzia kesho. Usimtangazie kwamba umeacha, usimpe masharti, mwache tu alale.

Haya siyasemi kwa kusoma peke yake. Nilifundisha michezo shuleni kwa miaka mingi, na watoto wa watu niliwalea vizuri uwanjani. Wangu mwenyewe alikuwa winga mwenye kasi, na kila mechi tukifika nyumbani nilimweka jikoni nikawa namchambulia, mimi nikikata kitunguu, yeye amesimama mlangoni na soksi zimejaa mchanga. Akaacha mpira akiwa na miaka 16. Alisema ni masomo, nikafurahi. Alikuwa ameshaoa aliponiambia ukweli: "Mama, nilikuwa nacheza mechi mbili kila Jumamosi, na ya jikoni ndiyo iliyonishinda." Nilikuwa najua mbinu zote za kumtuliza mtoto wa mwenzangu kabla ya penalti, na kwangu sikuona. Kwa hiyo ninapokwambia kwamba tuktuk yako imekuwa uwanja wa pili wa binti yako, nakwambia kwa uchungu, na kwa furaha pia, kwa sababu wewe umeuliza akiwa bado yuko nyumbani kwako.

Jambo la kwanza ni kuifuta kauli ya karo, na uifute kwa mdomo ule ule ulioitoa. Najua kwetu Pwani baba kumwomba radhi mwanawe si jambo jepesi. Fanya hivyo hivyo. Tafuta wakati msiotazamana uso kwa uso, mkitengeneza kitu, au mkienda dukani. Sema maneno machache: "Mwanangu, siku ile nilikosea. Nilikupigia kelele mbele za watu, na nikakwambia karo iko kwenye glovu. Karo ni kazi yangu na mama yako. Ukidaka, usipodaka, utasoma." Halafu nyamaza. Akilia, mwache alie. Asipojibu, usimsukume ajibu, na usimalizie na "lakini". Ukiweka "lakini" pale utakuwa umeirudisha karo mahali ilipokuwa.

Utaniuliza, je, kama huna hiyo karo? Hilo ni lako na mama yake, na la ofisi ya shule, na la fomu za basari za kaunti na za eneobunge, ambazo mzazi huzijaza bila kutegemea mtoto amefungwa magoli mangapi. Shule ikimtaka kwa ajili ya mpira wake, alhamdulillahi, itamkuta. Lakini asiingie uwanjani akijua kwamba nyumba nzima imesimama nyuma ya goli lake.

Kuhusu mahali unaposimama, hama. Nenda upande wa pili wa uwanja, kwa wauza mabuyu na achari huko, ukae mahali ambapo akiinua macho atakuona lakini hatakusikia. Maelekezo ni ya kocha. Mtoto mwenye sauti mbili za kumwelekeza hutii ile anayoiogopa zaidi, na mara nyingi si iliyo sahihi. Ukishindwa kabisa kunyamaza, piga makofi, na uwapigie timu nzima.

Sasa tuktuk. Mechi ikiisha kichwa cha mchezaji huwa kama bahari yetu pale Mto Sabaki unaposhuka na udongo wa bara. Maji yote ni mekundu, na ukitumbukiza mkono kutafuta kitu unazidi kuyatibua. Hakuna somo linaloingia saa hiyo, hata likiwa la kweli. Msalimie, mpe maji, mwambie umefurahi kumtazama, kisha endesha. Akitaka kuzungumza juu ya mechi ataanza mwenyewe, na akianza, uliza zaidi ya unavyojibu. Akitaka kuzungumza juu ya mwalimu wa hisabati au harusi ya binamu yake, fuata huko huko. Kama kuna jambo la kiufundi umeliona na linakukereketa, mpelekee kocha Jumatatu. Na unapomsifu, sifia kitu ulichokiona kwa macho. "Ile kona ya kipindi cha kwanza ulipowapangia mabeki kwa sauti, nimeipenda" inamfaa kuliko "wewe ndiye kipa bora Malindi nzima", kwa sababu ubora huo atauona umekufa siku atakayofungwa tena, na atafungwa tena.

Tumbo la asubuhi ya mechi lisikutishe, na usimwambie "tulia". Mtu anayepigwa na moyo hawezi kuuamuru moyo utulie, na akishindwa huongeza hofu juu ya hofu. Mwaka 2014 mtafiti wa Marekani aitwaye Alison Wood Brooks alichapisha majaribio aliyowafanyia watu waliokuwa wakisubiri kuimba au kuhutubu mbele ya wengine, au kufanya mtihani wa hesabu. Waliojiambia kwamba wana hamu na wamechangamka walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Moyo ulikuwa unadunda vile vile, jina tu ndilo lililobadilika. Kwa hiyo mweleze binti yako kwamba mwili unaamka kwa ajili ya kazi, na kwamba hata wakubwa huwa hivyo. Ale kidogo, chakula alichozoea, mapema. Na mfundishe kupumua kwa kuitoa pumzi polepole zaidi kuliko alivyoivuta, maana utoaji wa pumzi mrefu hupunguza mwendo wa moyo. Aufanyie mazoezi nyumbani akiwa ametulia, siyo kwa mara ya kwanza langoni.

Yako mawili ya kumwomba kocha, na nenda kama mzazi anayeomba, usiende kama mchambuzi. La kwanza ni krosi. Amrudishe kidogo kidogo: mipira ya kurushwa kwa mkono akiwa peke yake, kisha ya kupigwa kwa mguu, kisha aongezwe mshambuliaji mmoja, kisha wawili. Akumbuke pia kwamba muhula wa pili ni msimu wa kusi, na mpira wa juu hupeperushwa ukashuka mahali ambapo hukuutarajia. Hata kipa mtu mzima huukosa, na ni vizuri binti yako alisikie hilo kutoka kwa kocha. La pili ni kumsaidia atengeneze kitendo chake cha kulifunga goli lililoingia. Autoe mpira wavuni yeye mwenyewe, aurushe kati, afute glovu mara moja kwenye kaptura, aguse mlingoti, aseme neno lake. Neno achague yeye na wala si lazima wewe ulijue. Makipa wengi wana kitu cha namna hiyo. Kinamwambia mtu kwamba lile limekwisha na sasa ni bao moja bila, dakika zipo.

Mtajie Junior Starlets, timu yetu ya wasichana wa chini ya miaka 17, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA la umri wowote. Oktoba 2024 kule Jamhuri ya Dominika walifungwa 2 na Uingereza, wakafungwa 3 na Korea Kaskazini. Magoli matano kwa mechi mbili, dunia ikitazama, na wao wana umri wa binti yako. Mechi ya tatu wakaifunga Mexico 2-1. Mtajie mara moja tu, kama habari. Usiigeuze mawaidha.

Lipo jambo moja sitaki ulipite haraka. Mimi naona hofu ya binti yako imetoka kwenye goli lile na safari ile. Lakini mtoto wa kike anapoanza kukwepa mchezo alioupenda, mama yake akae naye kwa utulivu amuulize kama kuna lingine: maumivu ya hedhi, mwenzake anayemdhihaki, au mtu mzima anayemsumbua njiani au hata mazoezini. Aulizwe bila kubanwa, na ahakikishiwe kwamba hatalaumiwa. Na kama kukosa usingizi na kujitenga kutaendelea wiki kadhaa, hata siku zisizo na mechi, mtafutieni mshauri nasaha shuleni au hospitalini. Nambari 116 ya Childline Kenya haina malipo, na mzazi pia anaweza kuipiga.

Kwa bibi yake mpe heshima zangu. Mweleze kwamba wasichana wa pwani hii hawajaanza mpira jana. Kilifi hapo lipo shirika la Moving the Goalposts lililoanza kuwachezesha mpira mwaka 2001, na waliokuwa wachezaji wake wa kwanza leo ni watu wazima. Ila asisikie mjukuu wake mkibishana juu yake. Uamuzi wa kucheza au kuacha ni wa mtoto, na sasa hivi si wakati wa kumwomba auamue.

Umenitajia mchelea mwana kulia. Methali hiyo nami nimeilelea watoto, na sijaiacha. Ni ya mtoto aliyeiba, aliyetukana, aliyekataa madrasa. Binti yako hajafanya kosa la adabu. Mpira ulimponyoka, na alikuja kukwambia kwa adabu kwamba atatembea. Adabu ile umemfundisha wewe.

Sasa Jumamosi. Kama anacheza au yuko benchi, nenda, simama kule kwa muuza mabuyu. Mechi ikiisha mwambie, "Nina tuktuk hapa nje, ukipenda twende, ukipenda tembea na wenzako." Akisema atatembea, mpe pesa za maji baridi yeye na wenzake, kisha wewe ondoka kweli. Usiwafuate nyuma. Chukua abiria, fanya kazi yako. Huenda ikawa hivyo Jumamosi mbili, tatu, au nne. Siku atakayopanda, usimuulize kwa nini amepanda.

Na zile glovu zitoe chini ya kiti leo hii. Zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, suuza mpaka povu liishe, usizikamue kwa kuzisokota. Zianike kivulini penye upepo, maana jua letu likipiga moja kwa moja hukausha ule mpira wa viganjani ukapasuka. Zikikauka ziweke nyumbani mahali anapopaona, na usimwambie umeziosha.